Ringi Iliyopinda na Filimbi ya Sajenti

Nimestaafu. Nina miaka kumi na minane, magoti yangu yote mawili bado yanakunjika, na mwezi uliopita nilimrudishia Kocha jezi namba kumi na tatu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, heshima ambayo jezi ile haikuwahi kuipata tangu ishonwe. Kisha nikaingia darasani S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, ambako mwalimu wa historia alinipokea kwa kusema, "Karibu, mheshimiwa mstaafu. Wenzako wameshamaliza vita viwili vya dunia."

Naandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu watatu wa S.3 mliosajiliwa msimu huu na klabu yetu ya Katwe, na ambao mnanifuata mpaka kwenye foleni ya posho, ugali wetu wa shule, mkiniuliza ligi ya kikapu ya wanawake ikoje. Juu ya mshahara sitasema kitu, maana nikianza kucheka siwezi kushika kalamu. Vyeo sikupata. Mara moja niliteuliwa kuwa msaidizi wa nahodha kwa dakika nne, nahodha alipokwenda msalani. Nitawaeleza nilivyoanza, vifaa vya kazi, dada aliyenifundisha, na siku ambayo baba yangu alikuja kunikagua.

Nilisajiliwa kwa sababu ya ndala. Ilikuwa likizo ndefu ya baada ya S.4. Sisi tunakaa kambi ya polisi, kwenye vile vibanda vya bati vya duara tunavyoviita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na mama yako asipoinama anaacha kipaji cha uso nje. Mimi nilikuwa mrefu kuliko mlango tangu P.6, darasa la sita. Paji langu la uso lina alama kama ramani. Siku hiyo fundi mmoja kutoka Katwe, anayeitwa Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha, alikuwa anafunga geti jipya la kambi. Mdogo wangu akarusha ndala, ikanasa juu kabisa kwenye ncha za geti. Fundi akaanza kutafuta ngazi. Mimi nikapita, nikanyoosha mkono, nikaitoa, nikaendelea na safari yangu ya dukani.

Aliponiona narudi na sukari, alikuwa bado amesimama palepale. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa bomba la inchi mbili kwa bei ya inchi moja.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Sajenti."

"Sajenti yupi? Hapa kila mtu sajenti."

"Yule wa trafiki."

Uso wake ukabadilika kidogo, kama wa mtu mwenye pikapu isiyo na taa za nyuma. Lakini akajikaza. "Umewahi kucheza mpira wa kikapu?"

"Hapana."

"Vizuri sana," akasema. "Basi hujafundishwa makosa na mtu mwingine."

Kumbe fundi huyo ndiye pia kocha wa timu, na pia ndiye aliyeunda benchi la wachezaji, meza ya waamuzi na ringi zote mbili za uwanja wa mazoezi. Nitazirudia hizo ringi. Jioni hiyo alikuja nyumbani, akainama mlangoni, akaketi kwenye jeriken. Baba alikuwa anapiga viatu rangi. Baba yangu ametoka kaskazini akiwa kijana, Kiswahili chake ni kile cha kambi, na hajawahi kukiomba msamaha.

"Afande," Kocha akaanza, "sisi ni timu ya kulipwa. Kwa huyu binti hii itakuwa kazi, si kupoteza wakati."

"Kazi," Baba akasema bila kuinua macho. "Kazi iko na saa ya kuingia. Iko na mukubwa. Iko na ripoti. Hii yenu iko na nini?"

"Iko na… ratiba."

Baba akapiga brashi mara mbili tatu. "Sawa. Atacheza hii msimu. Mimi nakuja angalia mechi moja, moja tu, siku nitachagua mwenyewe. Nikiona kazi, anaendelea. Nikiona watoto nakimbizana na mpira, anarudi kwa vitabu na hatoki tena."

Mama aliyekuwa anasonga posho akasema, "Umesikia," na ikawa imekwisha. Kwa hiyo, wadogo zangu, mimi nilianza kazi kama mshtakiwa aliyepewa dhamana. Kila nilichofanya miezi ile nilikifanya nikijua kuna siku mtu mwenye viatu vinavyong'aa atakuja, ataketi, ataamua.

Siku ya kwanza kazini nilifika Katwe saa moja kabla, kwa woga. Uwanja wetu mmeshauona: uko nyuma ya karakana, upande mmoja wanatengeneza masigiri ya mkaa, upande wa pili milango, na katikati kelele za nyundo kiasi kwamba kocha akiita "pasi" unasikia "nasi" na unaungana naye. Mvua ikinyesha, Katwe yote inaleta maji yake pale. Chukueni soksi jozi mbili. Kabla ya kuanza, fagieni wenyewe, maana vipande vya chuma vidogo hujificha kwenye nyufa na raba yako mpya itatobolewa kabla hujaionyesha kwa watu. Mpira nao hujazwa upepo na fundi wa bodaboda wa pale kona. Yeye anajua kipimo kimoja tu, cha tairi la nyuma. Ukiudunda kwa nguvu unakurudia kidevuni.

Basi nikapewa mpira, nikaambiwa tupa. Nikatupa, ukatoka kulia. Nikatupa tena, kulia. Mara ya kumi nilikuwa natafuta sala.

Ndipo Da Zai akanijia. Huyu ni nahodha wetu, Zaituni, wakati ule ana miaka thelathini na minne na duka la vitambaa Kansanga. Ukoo wao ni wale Waislamu wa zamani, babu wa babu yao aliingia Uganda na misafara ya biashara kutoka pwani, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi wengine tunaona haya kufungua midomo. Anacheza na fulana ya mikono mirefu na mtandio uliofungwa kwa namna ambayo hata kimbunga hakiufungui.

"We Atim," akasema taratibu, "tupa kushoto kidogo."

"Kushoto mwa nini?"

"Mwa ringi. Kama unaikosa makusudi."

Nikatupa kushoto. Ukaingia bila kugusa chuma.

"Kwa nini?" nikauliza.

Akatazama nyuma kuona Kocha yuko wapi. "Imepinda, mwanangu. Aliichomelea mwenyewe, wiki ile mapacha wake walipozaliwa, na usingizi aliokuwa nao Mungu anaujua. Anaiita pacha wa tatu. Hapa hakuna anayemwambia."

Na kweli hakuna aliyemwambia. Huo ndio utaratibu wa klabu yetu, na ninyi mtaufuata: ringi haijapinda. Matokeo yake ni kwamba kwenye mazoezi tulikuwa hatukosi. Wageni waliokuja kutuchungulia walirudi kwao na homa. Kisha tukaenda mechi yangu ya kwanza ya ugenini, kwenye ukumbi wenye ringi iliyonyooka kama sheria, na timu nzima, wachezaji kumi na wawili, tuliofika tumechelewa bila nafasi ya kupima, tukatupa mipira yote kushoto. Robo ya kwanza iliisha tukiwa na pointi mbili, na hizo mbili alizifunga msichana mmoja aliyeteleza.

Kocha alituita tukazunguka. Akafikiri sana. "Ni upepo," akasema.

Tulikuwa ndani ya ukumbi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Ndiyo, Kocha," Da Zai akajibu. "Upepo mkali leo."

Baada ya mechi alinichukua pembeni, akanifundisha siri ambayo sasa naikabidhi kwenu: kila mchezaji wa Katwe ana mikono miwili ya kutupia, mkono wa nyumbani na mkono wa ugenini, na anapoingia uwanja wowote lazima atupe mipira mitano ya kupima kabla Kocha hajamaliza kusalimia watu. Alinifundisha mengine pia. Ukianguka, amka kabla ya mwamuzi hajakuonea huruma, maana huruma ya mwamuzi haina pointi. Mlinzi akikuzidi uzito, usishindane naye kifua kwa kifua, mpe bega halafu mnyime. Usiseme na mwamuzi wewe mwenyewe, mwachie nahodha, ana umri wa kumwita "mwanangu". Na kula rolex, ile chapati ya mayai, baada ya mechi, kamwe kabla. Hilo la mwisho nilijifunza mwenyewe, robo ya tatu, mbele ya watu wengi.

Kufikia katikati ya msimu nilikuwa naanza mechi. Sijisifu, aliyekuwa anaanza aliolewa. Nilikuwa nafunga, nazuia, na nimeshapata jina, Geti. Kila jioni Baba alikuwa ananiuliza swali moja: "Leo mukubwa alisema nini?" Nami nilikuwa nampa ripoti kamili nikiwa nimesimama wima, nikiruka sehemu za upepo.

Kisha asubuhi moja ya Jumamosi, akifunga mkanda wake mweupe, akasema, "Leo. Nikitoka zamu napitia."

Nilikimbia. Mechi ilikuwa saa kumi, kwenye uwanja wa wazi wa shule moja Bukoto, na kufikia saa nane nilikuwa nimewakusanya wenzangu wote na kuwaeleza kwamba ajira yangu inaisha leo tusipoonekana kama watu wa kazi. Nisimuliavyo hapa mnaweza kudhani ni wazo baya. Lilikuwa baya zaidi. Tulikubaliana kwamba tutaingia kwa mstari. Tutaitana "ofisa". Msichana wa akiba alipewa daftari la hesabu la mdogo wake aandike kila mtu alipoingia na kutoka. Da Zai alikataa katakata kumwita mtu ofisa, lakini alikubali kutocheka, na kwake hiyo ni sadaka kubwa.

Baba akafika moja kwa moja kutoka makutano yake, sare nyeupe, kofia, filimbi ikining'inia kwenye kamba yake kifuani. Tukasimama mstari mmoja. Kocha, ambaye hakuna aliyemwambia afanye hivyo, akapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Baba akapita mbele yetu polepole. Amekagua magwaride miaka ishirini. Akasimama mbele ya msichana wa akiba. "Wewe nafanya nini na hiyo daftari?"

"Naandika, afande. Maofisa wakiingia na kutoka."

"Mbona hii ni hesabu ya kugawanya?"

Msichana akatazama daftari. "Ni… kugawanya maofisa, afande."

Baba akanitazama. Akaenda akaketi kiti cha mbele kabisa, kofia magotini, na mimi nikajua kwamba tayari nimeshapoteza nusu ya kesi kwa ujinga wangu mwenyewe.

Mechi ikaanza. Wale wenzetu walikuwa na mchezaji wa katikati tuliyemwita Lori, msichana mpole sana akiwa amesimama, ambaye akishaanza mwendo hana breki. Kila nilipoingia chini ya ringi alinipitia. Waamuzi wawili, mmoja mzee mwenye kitambi na mmoja kijana aliyekuwa anamwogopa yule mzee, hawakuona. Kila nilipoanguka niliamka, na kila nilipoamka nilichungulia kiti cha mbele. Baba alikuwa ameketi vilevile, kama sanamu ya benki.

Robo ya nne, zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Da Zai akanipa mpira. Nikampa Lori bega, nikamnyima, nikageuka. Akanisukuma kwa mikono miwili, wazi, mchana kweupe.

Filimbi ikalia.

Siyo ile pii fupi ya mwamuzi. Ilikuwa ndefu, ya kupanda, ile inayosema wewe, wewe mwenye gari nyeupe, weka pembeni. Uwanja mzima ukasimama. Lori akasimama mikono juu. Wenzangu wakasimama. Nje ya ukuta, barabarani, nikasikia pikipiki zikifunga breki.

Mimi niliendelea. Hatua mbili, mkono wa ugenini, mpira ukaingia.

Ghasia zikaanza. Wale wenzetu wakalia kwamba filimbi ilishalia kwa hiyo kikapu hakihesabiwi. Waamuzi wakatazamana. Uso wa kijana ulisema si mimi. Uso wa mzee ulisema si mimi pia, lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya hesabu, maana mwamuzi mkubwa hawezi kukiri mbele ya watu kwamba mchezo wake umesimamishwa na asiyemjua. Akavuta kaptura yake juu, akatangaza, "Nilipiga mimi. Faulo. Kikapu ni halali, na mtupo mmoja wa nyongeza."

Benchi letu likarukaruka. Kocha akambusu msichana wa daftari kichwani. Tulikuwa mbele, na mimi ndiye niliyefunga, Baba akiwa ameketi hatua tano kutoka pale. Nikafikiri: basi, hukumu imeandikwa, hakuna kazi kuliko hii.

Baba akasimama.

"Hapana," akasema. "Huyu nasema uwongo. Nilipiga mimi."

Nilitamani kuzama kwenye sakafu. Da Zai aliyekuwa kando yangu akasema kwa sauti ya chini, "Eh, mzee, kaa basi," lakini mzee alikuwa ameshaingia uwanjani, na, wadogo zangu, hapo ndipo niliona kwamba hata yeye hakukusudia. Mkono wa trafiki ukiona mtu anagonga mwenzake unakwenda kwenye filimbi peke yake. Tatizo ni kwamba akishapiga, hatua inayofuata nayo inajiendesha. Akatoa kijitabu mfukoni. Akasimama mbele ya Lori.

"Jina."

Lori akasema jina.

"Ulikuwa naenda wapi mbio hivyo?"

"Kuzuia, afande."

"Uliona huyu mbele yako?"

"Nilimwona, afande." Lori akapapasa kaptura yake isiyo na mifuko. "Kitambulisho nimeacha kwenye begi."

Watu walikuwa wanacheka mpaka wengine wameketi chini. Mwamuzi mzee akaja, kitambi mbele, akasimama kati yao. Nadhani uongo aliokamatwa nao ulimpa hasira za ziada. "Afande, toka uwanjani."

"Nachukua maelezo."

"Barabarani chukua. Hapa mwenye filimbi ni mimi."

Baba akamtazama. Nimemsikia Baba mwenyewe akisema maneno hayo hayo ya filimbi kwa madereva wa malori na mara moja kwa dereva wa waziri. Akakifunga kijitabu. Akasimama wima, akampigia mwamuzi saluti, ya mkono wa kulia, kisha akatoka nje ya geti bila kugeuka nyuma.

Kikapu kikafutwa. Tukapewa mpira pembeni, sekunde tatu. Da Zai akatupa. Ulizunguka ringi kama mtu anayetafuta anwani, ukatoka. Tukashindwa kwa pointi moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Msichana wa daftari alinipa kitambaa nijifute uso. Kocha alifungua mdomo, nikajua anataka kusema upepo, Da Zai akamkanyaga. Kisha Da Zai akanishika bega. "Nenda kaongee na baba yako. Usimsubirishe."

Nilimkuta nje, ameketi kwenye kigoda cha mlinzi wa shule, kofia magotini. Mlinzi alikuwa amesimama wima kando yake kana kwamba yeye ndiye mgeni. Aliponiona akajikumbusha kazi fulani upande wa pili wa geti.

"Mumeshinda?"

"Tumeshindwa, Baba. Kwa moja."

Akatikisa kichwa. "Kwa ile yako mbili ilifutwa."

"Ndiyo."

Muuza mahindi akapita, akaona sare, akabadilisha njia.

"Watu wote walisimama," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ile msichana kubwa alisimama. Marefa walisimama. Nimetoka hapa nje nimekuta bodaboda moja bado amesimama, nikamwambia aende."

Akainua macho, akanitazama.

"Wewe hukusimama."

Lazima niwaeleze uzito wa maneno hayo. Nyumbani kwetu Baba akipiga filimbi kutoka mwisho wa mstari wa vibanda, tunakuja watoto wanne na mbuzi wa jirani. Hakuna aliyewahi kujaribu kuona itakuwaje asipokuja. Nikaona S.5 yangu yote imejaa vitabu, na jezi namba kumi na tatu ikifupishwa kwa ajili ya mtu mwingine.

"Hukusikia?" akauliza.

Njia ilikuwa wazi. Kelele zilikuwa nyingi, uongo ungekaa vizuri. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona akikataa pointi tatu za uongo mbele ya watu wote.

"Nilisikia."

"Ulijua ni yangu?"

"Nilijua. Ya refa ni fupi."

"Ulijua ni yangu, na hukusimama."

"Nilikuwa kazini, Baba."

Sikulisema ili kushinda kesi. Lilitoka kabla sijalipiga rangi. Baba akaigeuza kofia yake magotini, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, mara moja, mara mbili. Kule ndani nilimsikia Kocha akiwaeleza watu kitu kuhusu upepo wa Bukoto.

"Kesho munaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

Akasimama, akavaa kofia, akainyoosha.

"Usichelewe kazini," akasema.